Kilobaiti Thelathini na Mbili

Chipu hii ni ndogo kuliko ukucha wa mtoto wa Mwantumu,
na tumbo lake ni kilobaiti thelathini na mbili.
Nimehesabu mara tatu.

Nje yake ipo kumbukumbu kubwa, ya bei rahisi,
lakini kwenda huko ni kutumwa Mgandini kununua chumvi
mchuzi ukiwa umeshachemka.

Mizani ya marobota ya mkonge kule Pongwe haisubiri.
Robota linapanda, namba zinatikisika, zinatulia
nusu ya pumzi, wapakiaji wameshalishusha.
Kiendeshi changu kikikosa nafasi hapo,
kilo zile hazipo,
na Singano wa zamu ya usiku amebeba bure.

Kwanza niliandika: kumi na sita ni za mizani
tangu umeme unapowaka, asiguse mtu.
Mtandao ukawa unakohoa taarifa vipande vipande hadi mjini,
na mizani imelala mchana kutwa,
nusu ya nyumba imefungwa kwa ajili yake.

Nikafuta. Anayehitaji, aombe.
Siku nne, shwari.
Siku ya tano mizani iliomba nane, na nane zilikuwapo:
tatu hapa, mbili kule, nyingine zimejibanza pembeni,
wala hapakuwa na mahali pa kunyoosha miguu.

Nyumbani, Barabara ya Kumi na Tatu,
chumba cha mbele kilikuwa cha mjomba Sekiete.
Alikuja mara moja kwa mwaka, au asije.
Sisi sita tulilala ukumbini,
kichwa cha huyu miguuni pa yule,
na kifua cha Kibwana kilianzia kwenye sakafu ile,
hadi leo anatembea na dawa ya kuvuta mfukoni.
Nilikichukia kile kitanda kilichotandikwa.
Mama alisema, "Mgeni wa usiku haombi chumba. Anagonga."

Na usiku alioletwa mgongoni mwa mtu, mdomo umekauka,
hatukumwamsha yeyote, hatukuhamisha hata mkeka.

Nilifikiria kuvikopesha vyumba vya mizani mchana.
Ila mpangaji wa mchana ana tabia ya kusahau saa.

Basi nane. Si kumi na sita.
Juu ya mstari huo nimemwachia maneno
atakayekuja kuusoma baada yangu:
*hizi hazikukosa kazi, zinasubiri.*

Mtandao bado unalalamika.
Una haki.