Hapa

Zahanati ya Igombe, saa tatu, harufu ya dagaa imeingia hadi kwenye pamba.
Fomu ni ya Kiingereza.
Mama Nyamizi amekunja mkono wa gauni
kupita kiwiko. "Hapa," anasema.

Kiingereza kina neno lake; nalirudisha kwetu
nione kama litamtosha: kiraka cha ngozi.
"Kiraka? Nani kanishona?"
Nafuta. Kipande cha ngozi.
"Hicho ni cha kiatu, mwanangu. Mimi sijachunwa."
Eneo dogo, basi.
Eneo, ananiambia, ni la kuanikia dagaa,
na lina ushuru.

Ananishika kidole, anakizungusha
penye wekundu, upana wa kisoda:
"Hapa pananiwasha.
Usiku huku kote kunaniwasha, sijui kunaanzia wapi.
Na humu, chini kwa chini, mnanichoma
kama mwiba wa sato."

Pa. Ku. Mu.
Miaka mitatu ya chuo nilikariri mifupa,
hata ile ya sikioni,
na mwalimu wa sarufi, Nansio, darasa la sita,
alinichapa kwa hizi silabi tatu
bila kusema kwamba ni za kumgusia mtu.

Foleni inakohoa. Kwenye kisanduku
naandika lile neno la kiraka, litoshe.
Pembeni, kwa penseli, nachora mkono,
naweka nukta.

Mama anainama, anaikagua.
"Sogeza kidogo," anasema.
"Upande wa ziwani."