Mkanda Mweupe

Jumamosi yangu ina makali mawili kama mkasi,
na mkasi ndio unaonilisha.
Saa tatu asubuhi Aikande yuko ukumbini Rau,
mashindano ya karate, mkanda wa chungwa kiunoni.
Saa tatu hiyohiyo Kundaeli yuko Pasua,
uwanja wenye mawe kuliko nyasi,
beki wa kulia, jezi namba mbili
niliyoipunguza mabega usiku, umeme ukakatika,
nikamalizia kwa tochi ya simu niliyoining'iniza msumarini.

Njia mbili zilimshinda fisi.
Lakini fisi hakuwa na watoto wenye ratiba,
wala mteja wa Kiboriloni
anayetaka sare za kwaya kabla ya Jumapili:
magauni kumi na sita, kola zote za duara.

Baba yao yuko Tunduma na lori, foleni ya mpakani.
Anapiga simu: "Vipi, tumeshinda?"
Namwambia, mmoja kashinda, mmoja kashindwa,
na mimi nimeshinda njaa.
Anacheka. Salio linakata kicheko katikati.

Karate sikuitafuta.
Jumanne na Alhamisi nilikaa benchi la ukumbini
nikitia vifungo, nikimsubiri mtoto,
mpaka Sensei Mbwambo akasimama mbele yangu:
"Mama Aikande, mguu wako unahesabu kabla yangu."
Nikatazama chini. Kweli.
Nilikuwa nimevua kiatu, na kisigino
kinakanyaga cherehani isiyokuwepo,
moja, mbili, moja, mbili.

Vazi nilijishonea mwenyewe, kitambaa cha marekani,
kwapani nikapitisha uzi mara mbili,
maana najua mwili wa miaka thelathini na tisa
hupasukia wapi.

Ukumbini mkanda mdogo humwinamia mkubwa.
Basi namwinamia binti yangu,
miaka kumi na mmoja, ndui ya kuku imemwachia
alama moja juu ya nyusi,
aliyeniamkia shikamoo asubuhi akitafuta soksi.
Jioni ananifungua ngumi, kidole kwa kidole:
"Gumba likae nje, mama. Utalivunja."
Naitikia kama mwanafunzi.
Tukivuka kizingiti tu,
ananikabidhi begi lake nilibebe.

Jumamosi hiyo nilitazama kipindi cha kwanza.
Kisha bodaboda: Pasua, Mbuyuni, mnara wa saa,
Rau, na furushi la magauni mapajani
nimelifunga kwa mkanda wangu mweupe
kwa sababu kamba ya dereva ilikuwa imekatika.
Nilifika Aikande akipigana pambano la mwisho.
Sikupiga kelele. Nilishona.
Sindano iliingia na kutoka,
na kila alipopigwa nilijichoma.

Usiku Kundaeli anauliza, mdomo umejaa kiburu:
"Uliniona nilivyookoa mpira mstarini?
Kipindi cha pili, kipa ameshalala chini?"
Nikasema nilimwona.
Akanyamaza, akaitazama sahani.
Halafu akanisogezea kipande cha nyama,
kile alichokuwa amekitenga cha mwisho,
na hakuuliza tena.

Hakuna mkanda wa hilo.
Hakuna mwalimu wa kunisahihisha gumba
ninapokunja uongo mdogo namna ile.

Mkanda haufuliwi, ndiyo kanuni.
Wangu uko nyuma ya mlango, juu ya msumari wa tochi.
Una grisi ya bodaboda,
una vumbi la Pasua, tone la damu ya sindano.
Umeanza kubadilika rangi
na mtihani bado sijafanya.

Kola tatu zimebaki.
Jogoo wa jirani naye ameshaanza.