Kiinua Mgongo

Pesa zilipoingia, Mutinda alikuwa ameshapima ploti Joska,
hamsini kwa mia, karibu na lami, stima mlangoni.
Mama alimsikiliza hadi mwisho, akasema sawa,
kesho yake akapanda ngazi za jengo moja Mtaa wa Muindi Mbingu
akalipa taslimu: meli, siku kumi na mbili, visiwa vya mbali.

Miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali.
Shuka za waliojifungua, shuka za waliokata roho saa nane usiku,
zote mashine moja, zote pembe nne kamili,
hadi mgongo nao ukajikunja.
Serikali ikampa cha kuuinulia,
Mutinda akataka aulaze juu ya ploti.

"Pesa zimeliwa na samaki," aliandika kwenye grupu la familia.
Shangazi Kalunde akajibu kwa vile viganja viwili vya kuomba.

Alituma picha mbili tu. Mtandao wa melini ni bei ya ng'ombe.
Ya kwanza: kidole chake, na nyuma ya kidole, buluu.
Ya pili: tembo wa taulo kitandani, amevaa miwani ya mama.
Kijana wa vyumba, Rodel, Mfilipino,
alimkunjia mnyama mpya kila jioni.
Usiku wa nne mama akamfumua tembo,
akamfunza Rodel kona ya shuka ya wodini,
ile isiyochomoka hata mgonjwa apige mateke.
Kijana akaijaribu mara tatu. Wakacheka,
wala hakuna kati yao aliyekuwa na Kiingereza cha kueleza kilichochekesha.

Jambo jingine hakulipiga picha.
Mzee mmoja sitahani, kofia pana, alimnyooshea gilasi tupu
aipeleke jikoni.
Mama akaipokea. Kisha akampa yake.

Kile kisiwa cha mwisho, jina lake hulitamka kila siku tofauti,
nasi hatumsahihishi kwa kuwa hatulijui.
Kaya kumi na moja. Kanisa la mabati. Kuku wasioogopa mtu.
Maji ya kunywa huja na mvua, au hayaji.
Wenzake walipiga picha za ndege;
yeye aliona mitungi ya manjano imepanga foleni chini ya mchirizi,
akajisemea, kumbe ni Kariobangi,
ila wameizungushia bahari.
Mwanamke wa pale akamuuliza kwa mikono: umetoka wapi?
Mama akaonyesha meli.
Yule akatikisa kichwa: kabla ya hiyo.

Sasa ni wiki ya tatu tangu arudi, na sakafu haijatulia.
Ghorofa ya nne, Kariobangi Kusini, inayumba chini yake peke yake.
Anapita koridoni mkono ukutani,
chai haijazi kikombe,
sufuria anaisukuma nyuma kabisa ya jiko.
Daktari kasema ni sikio la ndani, itapita.
Vidonge viko kabatini, havijafunguliwa.

Mutinda alikuja Jumapili na tikiti maji.
Hakutaja Joska. Alikaa ukingoni mwa kochi,
na baada ya supu akauliza, sauti ndogo,
kama pale mbele ya meli upepo ni baridi.
"Baridi," mama akasema. "Halafu si baridi."

Leo Alhamisi, siku yetu ya maji.
Saa tisa usiku mabomba yakakohoa, nikaamka kukinga,
nikamkuta amenitangulia, gizani, miguu ameitanua kidogo,
mtungi ukijaa mbele yake.
Mama, bado inayumba?
Akaniwekea kidole mdomoni.
"Usiiambie isimame."