Mzani

Chuoni tulisukuma madawati mpaka ukutani.
Mhina akauliza kama mtihani wa taifa unaijua habari hii.
Nikampa kipande cha chaki. Hii ni nini?
"Chaki, mkufunzi."
Tazama tena.
Akaigeuzageuza, mtu mzima na ndevu zake,
akaitia mdomoni, akapuliza:
ghafla sote tukawa tumeotea.

Hiyo ilikuwa Februari. Leo ni Muheza, kipindi cha nne,
watoto sabini na wawili chini ya bati,
nami nyuma kabisa, fomu ya tathmini magotini.
Wanauza machungwa ambayo hayapo.
Mmoja anamenya. Mwenzake anatema mbegu,
na mimi, Mungu anisamehe, nakwepesha kiatu.

Mbaruku hana sehemu.
Tangu shule ifunguliwe, jina lake huitikiwa na jirani.
"Wewe," Mhina anamwambia, "utakuwa mzani."
Mtoto ananyoosha mikono,
sawasawa, kama kachorwa kwa rula.

Dalali ni Mwantumu, sauti ya mnadani,
lumbesa begani, pumzi juu juu:
"Kilo hamsini tu! Andika hamsini!"
Analitua gunia kwenye kiganja cha kulia,
na kwa chini, kidole kimoja,
anauzuia mkono usishuke.

Mzani ukatetemeka.
Mzani ukasema:
"Toa kidole."

Nikamwona Mhina akifungua mdomo.
Naujua mdomo ule, niliwahi kuwa nao:
vizuri sana, mpigieni makofi, pa pa pa,
na neno la mtoto linafia hapo hapo.
Akaufumba.
Akaimeza sifa kama kwinini.

Wakulima wakasogea, hatua moja, ya pili.
Hakuna aliyewaagiza.
Mwantumu akakitazama kidole chake kama si chake.

Fomu yangu inauliza: matumizi ya ubao.
Inauliza unadhifu, inauliza sauti ya mwalimu.
Pembeni, pasipo na mstari, naandika: *Alinyamaza.*
Nakata; ofisini watadhani ni kosa.
Naandika tena, kwa herufi kubwa.

Kengele. Uji. Vumbi la miguu mlangoni.
Mbaruku bado kasimama, mikono imewambwa,
wa kulia chini, wa kushoto juu.
"Mapumziko," Mhina anamnong'oneza.
"Bado gunia moja," anasema mzani.