Jino Linalocheza

Watu husema Mzee Anaeli anapiga klarineti.
Sijapiga kitu. Ngoma ndiyo hupigwa,
na mlango wa mdaiwa,
na picha siku ya kipaimara.
Mimi naubembeleza upepo upite
palipo pembamba kuliko ukucha.

Mpingo huu ulikatwa kusini, nchini humu humu,
ukavuka maji, ukarudi kwetu
na jina la Kijerumani ubavuni.
Julai, baridi ya mlimani ikishuka hadi Majengo,
naupasha kwapani kabla ya ibada ya kwanza
kama kipimajoto cha mtoto mwenye homa.
Mpingo ukipasuka haushoneki.

Ulimi wake wa dukani ni bei ya kilo tano za mchele,
ukiletwa na mgeni kutoka Nairobi, ukifika mzima.
Kwa hiyo nashuka mtoni Rau na kisu cha marehemu kaka,
nakata matete yaliyokauka yakiwa yamesimama,
nayalaza darini miezi sita,
kisha nakaa kibarazani na kipande cha kioo, nakwangua.
Bandu bandu huisha gogo, wanasema.
Mimi bandu bandu natafuta mahali gogo linapoanza kusema,
na nikizidisha mkwaruzo mmoja tu
nimebaki na kijiti cha meno.

Filimbi hutaka midomo ya mtu anayepoza chai.
Klarineti, ya mtu anayezuia siri.
Saksofoni, ya mtu yule yule
siri ikiwa imeshamponyoka, naye hajuti.
Bendi ya polisi ilinifundisha kuhama
kutoka kinywa hadi kinywa
katika muda wa kugeuza ukurasa.
Kurudi ndiko hawakunifundisha.
Mke wangu Ndealilia hujua nimeshinda na chombo gani
kwa namna ninavyolitamka jina lake mlangoni.

Alhamisi Uru, msiba, klarineti
katikati ya matarumbeta ya usharika,
sindano ndani ya gunia la mahindi.
Jumamosi Kibosho, harusi, saksofoni,
padi zake ngozi ya mbuzi wa Krismasi,
ufunguo mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Jaketi ni hilo hilo. Hubadilika ua la mfukoni tu,
na udongo wa Uru bado u ukingoni mwa kiatu
ninachokanyagia rumba nyuma ya pikapu.

Tangu Pasaka, jino la mbele, la juu, linacheza.
Wana wa bendi wamecheka mpaka wamekaa chini:
Mzee umechoka, sasa jino ndilo linalocheza!

Daktari Mrutu alilishika kwa vidole viwili
kama anayejaribu komeo la chumba cha kupanga.
Litoke, akasema. Tutaweka la bandia,
utakula nyama bila shida.
Nyama! Sikumuuliza habari za nyama.
Nikamwambia: chombo kimeegemea hapa
miaka thelathini na minane, tazama, pamechimbika.
Akasogeza taa. Kweli, kuna kishimo.
Ni ugoro, mzee? Ni kuuma misumari?
Ni kazi, nikasema.
Kwenye faili hakuandika kitu.

Jana usiku nilijaribu namna nyingine.
Nikaukunja mdomo wa juu, nikauvika meno,
kama marehemu bibi alivyokuwa akilaza midomo
juu ya ufizi mtupu, akitaka tumsogelee tumsikie.
Nikavuta pumzi mpaka mkanda ukalalamika.

Nusu ikatoka hewa, nusu sauti,
sauti ya chini, yenye vumbi,
haikuwa ya polisi wala ya kanisa,
ikayumba, ikashika ukuta, ikasimama.

Jikoni sufuria zikanyamaza.
Ndealilia akaita:
Nani huyo?

Sikumjibu.
Kinywa kilikuwa kazini.