Arobaini na Nane

Garbiñe kanunua betri ya volti arobaini na nane;
baiskeli yake ilizoea thelathini na sita.
Kile kilima cha Artxanda! Watoto wa shule
humpita kwa miguu, na salamu juu yake.

Koldo, kakake, kafungua kidhibiti,
kasoma kapasita kwa miwani ya kuazima:
hamsini, basi.
"Arobaini na nane ikishiba chaji," asema,
"ni hamsini na nne na ushei."

Kimya. Manyunyu ya Bilbao yadona bati la karakana.

"Kama Mama," asema Garbiñe.
"Siku zote alichoka kidogo tu."

Koldo kazima chuma cha kulehemu.
Kidhibiti kipya, Jumatatu.
Leo kilima ni kile kile:
dada asukuma baiskeli,
kaka, nyuma,
amsukuma dada.