Hodi kwa Boneti

Upepo wa Julai haubishi mlango.
Unatoka huko Kongwa umeshavunja mabua ya mtama,
unaingia Ihumwa na mchanga mdomoni.

Mama aliujua tangu saa kumi alasiri,
kwa jinsi kuku walivyogoma kutawanyika
na Karanga, mbwa wetu wa miaka kumi na mitatu,
alivyojizungusha mara nne ili alale, kisha akainuka tena.
"Leo hakuna mnyama wa nje," akasema.
Mimi nikatazama vigae vyangu.

Vigae vya mkopo wa miaka mitatu,
vyeupe, vya kuteleza, bado vinanuka saruji.
Sheria niliiweka siku tunahamia:
miguu minne mwisho barazani.
Mama hakubisha. Yeye alizaliwa kwenye tembe kule Mvumi,
ndama wakilala hatua mbili kutoka kichwani pake,
na hadi leo anasema usingizi haumkolei
pasipo kitu kinachocheua gizani.

Saa tatu umeme ukakatika.
Bati la banda likaanza kusema,
kwanza kwa minong'ono, kisha kwa matusi.
Nikashika simu yenye tochi, Mama akashika gunia,
tukatoka tumejitanda vitenge usoni kama wezi.

Kuku kumi na mmoja, mmoja mmoja,
mpaka jikoni, chini ya sinki.
Mwanambuzi aliyezaliwa Jumapili
nikamvika sweta langu la sekondari;
mikono ikaburuzika, akaikanyaga, akaanguka, akainuka.
Mbuzi aliyemzaa akafuata bila kuvutwa,
akasimama sebuleni akiliangalia pazia kwa njaa.

Nikanyoosha mkono kwenye jiko la mkaa.
Mama akanikata jicho.
"Madirisha yote umefunga. Unataka kesho tuamke, au?"
Basi tukachemsha maji kwa gesi, tukajaza chupa,
tukazivika soksi za baba
ambazo miaka miwili hakuna aliyethubutu kuzitupa:
moja kwa mbuzi, moja kwenye nyonga za Karanga,
maana nyonga zake na za Mama
husoma hali ya hewa kabla ya redio.

Ng'ambo ya ukuta, mnyororo ukigonga chuma.
Mbwa wa Chilongani. Mwenyewe yuko Singida.
Nikasema si wetu.
Mama tayari alikuwa juu ya tofali.
Akarudi na lile jitu ambalo mchana hunionyesha meno,
mkia umezama tumboni, linatetemeka hadi masikio,
likalala juu ya mguu wangu.
Sikuusogeza mpaka saa nane.

Paka tu ndiye hatukumpata.
"Zabibu! Zabibu!" tuliita uani,
kama wachuuzi waliopitwa na basi,
mpaka sauti zikajaa vumbi.
Mama akaacha mlango wa jikoni wazi, upana wa kiganja,
akaziba kwa kiti, akaketi.

Nililala. Kitu kilikuwa kinacheua gizani.

Asubuhi baridi ilikata kama wembe mpya.
Vigae, sitavieleza.
Nimechelewa kazini, ufunguo nimeshauchomeka,
Mama akapaza sauti dirishani: "Usiwashe!"
Akaja na kanga mabegani, miguu mitupu,
akagonga boneti kwa vifundo vya vidole.
"Hodi."
Kimya.
"Hodi humo ndani."

Kutoka kwenye injini ikajibu sauti nyembamba,
ya mpangaji aliyeamshwa mapema.
Zabibu akateremka kwa gurudumu la kushoto,
tumbo jeusi kwa oili, akapiga miayo,
akatupita bila salamu kwenda kuangalia maziwa.

Tangu hapo siwashi gari kabla sijagonga.
Pale kazini mlinzi wa maegesho huniona jioni,
nimeinama, sikio juu ya bati,
akaniuliza siku moja namtafuta nani.
Mwenye nyumba, nikamjibu.